Ufunguo wa Bwana Kesho

Gari liliwaka, likanguruma kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, likazima. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ikaanza kukonyeza, kama jicho la mtu anayekufahamu vizuri lakini hataki mjuane mbele ya watu. Dereva akajaribu tena. Likawaka, likazima. Mara ya tatu halikuwaka kabisa. King'ora kilichofichwa chini ya boneti kikaanza kulia, njiwa wakaruka juu ya bati, na mbwa wa jirani akaitikia.

Katibu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa kufulia, daftari kwapani, midomo imekazwa. Nyuma ya gari yalipangwa marobota kumi na manne ya mashuka ya hospitali, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa pembe kwa pembe. Yalitakiwa kufika kwenye dirisha la stoo ya hospitali kabla ya saa moja kamili asubuhi. Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika ishirini, na saa ile haikuwa na huruma, kwa sababu Katibu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiirekebisha kila Jumatatu.

Hospitali ilikuwa imewapa siku kumi na nne za majaribio. Sharti lilikuwa fupi: mkichelewa mara tatu, kazi inakwenda kwa ile kampuni kubwa yenye magari sita meupe. Wiki iliyopita walishachelewa mara moja. Na kazi ikienda, hakukuwa na kazi nyingine ya kuulisha ushirika wa wanawake kumi na mmoja. Ingebidi wakapange foleni kwenye geti la kampuni ileile, kila mmoja peke yake, na Katibu alijua vizuri mtu akisimama getini peke yake huwa ana urefu gani.

Gari liliwaka jaribio la nane, bila kusema lilichokuwa likitaka. Wakafika hospitali saa moja na dakika kumi na moja. Mtunza stoo alitazama saa yake, akachukua kalamu nyekundu, akaandika dakika zote kumi na moja bila kupunguza hata moja.

"Imebaki moja," alisema, akafunga dirisha.

*

Gari lenyewe liliitwa Fidia, na jina hilo lilikuwa na historia ambayo Katibu angeweza kukusimulia kwa tarehe, saa na rangi ya shati la kila aliyehusika.

Zamani wanawake wale walikuwa vibarua katika ukumbi uleule, chini ya mwajiri waliyemwita Bwana Kesho. Mashine imekata kidole cha mtu, kesho. Glavu za sabuni, kesho. Siku kesho zilipojaa pipa, wafanyakazi waligoma, na wakamtaka awakabidhi ufunguo wa gari kama dhamana kwamba hatahamisha mashine kabla ya kuketi nao. Akaukabidhi kwa tabasamu. Katibu akauweka kifuani, ndani ya nguo, mahali ambapo hata mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akibisha hodi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, walikuwa nyuma ya ukumbi wakila wakati waliposikia gari likiwashwa. Katibu akaupapasa ufunguo kifuani. Ulikuwepo. Akakimbia hadi mbele. Ufunguo ulikuwepo, gari halikuwepo, wala mota za mashine nne hazikuwepo. Bwana Kesho alikuwa na ufunguo wa pili.

Kesi ilichukua miaka sita. Katibu, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini kwa kitabu cha sheria za kazi kilichokosa jalada, alihudhuria kila siku ya kesi. Mwishowe hakimu aliangalia mali iliyobaki, akaona hakuna kitu ila gari lile, akawapa. Bwana Kesho aliapa mbele ya hakimu kwamba ufunguo wa pili haujawahi kuwepo duniani. Akaapa kwa mkono uleule aliokuwa ameliendeshea gari.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku ushirika ulipoundwa, kabla hata ya kuchagua mwenyekiti, Katibu alisimama akapendekeza Azimio Namba Moja: funguo zote za ushirika, zilizopo na zitakazokuja, zitakaa kwenye pete moja ya chuma, isiyofunguka, machoni pa wote. Likapita kwa mikono kumi na moja. Fundi wa mageti wa jirani akakunja nondo nyembamba, akaingiza ufunguo wa gari, wa geti na wa stoo, akachomelea. Pete ilikuwa na upana wa kisahani, na ikigonga meza ilisikika hadi kwenye kamba za kuanikia. Kila asubuhi Katibu aliikabidhi, kila jioni akaipokea, na pande zote mbili zikatia sahihi.

Kisha, mwezi uliopita, ikaja siku ya furaha. Mlinzi wa zamani wa Bwana Kesho, mzee mpole asiyejua kugombana hata na paka, alikuwa akihama nyumba. Nyuma ya mtoto wa meza akakuta ufunguo una kikaratasi cha njano, na juu yake mwandiko wa Bwana Kesho: gari, wa akiba. Akauleta umefungwa kwenye leso. Kazi ilisimama nusu saa. Wanawake waliupitisha mkono kwa mkono, wengine wakiutazama kama jino la mnyama aliyewahi kumla mtu wao. Bibi Pasi, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote na alikuwa akipiga pasi tangu pasi zinatiwa makaa, aliunusa, akasema bado una harufu ya uongo. Alasiri ileile Katibu akaupeleka kwa fundi wa mageti. Pete ikakatwa, funguo zikafungwa kitambaa kibichi zisiungue, ule mpya ukaingizwa, pete ikachomelewa tena. Azimio lilisema na zitakazokuja, na huu sasa ulikuwa umekuja.

*

Katibu hakuwa mtu wa kukaa na tatizo bila kulitafutia mwenyewe wake. Wiki iliyopita, baada ya kuchelewa mara ya kwanza, alikwenda kwenye karakana kubwa yenye milango ya vioo na viti vya kuzama. Kijana wa shati jeupe alimsikiliza huku akigusagusa kioo cha mkononi, hakufungua boneti, akatoa hukumu: kompyuta ya usalama imekufa, za gari hili hazitengenezwi tena, gari limezeeka, ni afadhali aliuze kama chuma. Katibu alimwambia kwamba hata yeye hatengenezwi tena na bado anafanya kazi. Akatoka bila kunywa maji yao.

Na lile neno usalama lilimkera. Gari kuuliza kitambulisho kabla ya kukubali kwenda kazini, alisema, ni fikra za waajiri. Hata punda hajafika huko.

Jumamosi alilipeleka kwa mkwewe. Huyu alikuwa fundi umeme wa magari, kijana mwembamba wa maneno machache, na bintiye Katibu alikuwa akisema wazi kwamba alimpendea hilo: alikulia nyumba ambayo sentensi zilikuwa hazimaliziki bila kupingwa. Mkwe alisafisha vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani, akakaza waya wa stata, akapima kila kitu kwa mita yake. Kisha akaliwasha gari mara ishirini. Mara zote ishirini liliwaka na kubaki limewaka. Alifanana na daktari ambaye mgonjwa ameacha kukohoa mara tu alipoingia chumbani. Alisema polepole kwamba hajaona ugonjwa, na kwamba asichokiona hawezi kudai amekitibu.

Basi lile gari kwa fundi liliwaka mara ishirini, na kwa dereva likagoma. Katibu alitafakari jambo hilo Jumapili nzima, na Jumanne hii, wakirudi kutoka hospitali na marobota ya nguo chafu, hesabu yake ikatoa jibu ambalo halikumpendeza, lakini akalisema.

Dereva alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Na siku mbili tatu zilizopita alionekana dirishani pa hospitali akicheka na dereva wa yale magari meupe.

"Wifi," Katibu alisema, macho mbele, "kama umetuchoka, sema. Usimsingizie gari."

Wifi alipunguza mwendo, akasogea pembeni ya barabara. Alitaka kuzima injini ili amjibu kwa heshima inayostahili, mkono ukafika hata kwenye ufunguo, akakumbuka, akauondoa. Ugomvi ule ukafanyika injini ikinguruma.

"Nimekaa na kaka yako miaka ishirini na sita," alisema. "Ningekuwa mtu wa kukimbia vitu vibovu, ningeanza na yeye."

Wifi aliendelea, sauti imetulia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema yule dereva wa gari jeupe alikuwa akimwuliza kama ushirika unapokea wanachama wanaume, kwa sababu huko kwao anakatwa siku nzima kwa kuchelewa robo saa. Alisema alikusudia kulileta jambo hilo kwenye mkutano. Alisema sasa atafikiria. Kisha akaingiza gia, akageuza usukani, na hawakwenda ukumbini bali moja kwa moja kwa mkwe.

*

Karakana ya mkwe ilikuwa paa la bati juu ya nguzo nne, meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao bado ulikuwa na kitasa, na ukuta mzima wa waya zilizotundikwa kwa rangi. Mkwe alikuja akifuta mikono. Alimtazama mama mkwe, akamtazama Dereva, akaona kwamba gari silo jambo pekee lililoharibika asubuhi hiyo. Akawapa viti vya mbali kidogo.

Safari hii hakugusa kitu. Alimwomba Dereva aketi mahali pake, awashe kama anavyowasha kila siku, wala asijirekebishe. Yeye akachutama kwenye mlango uliofunguliwa, uso usawa wa usukani.

Mara ya kwanza liliwaka. Mara ya pili liliwaka, likazima, na jicho jekundu likaanza kukonyeza. Mkwe hakuitazama taa. Aliutazama mkono.

Alimwuliza Dereva kwa nini anaushika mzigo wa funguo hivyo. Maana Dereva, akishaingiza ufunguo, alikuwa akiikusanya pete na zile funguo nyingine zote ndani ya kiganja, akizibana juu, karibu kabisa na tundu la ufunguo.

"Muulize mama mkwe wako," alisema Dereva. "Alinipigia kelele mwezi mzima kwamba pete inakwaruza dashibodi. Sasa naibeba kama mtoto mchanga."

Ilikuwa kweli, na Katibu alilikumbuka neno kwa neno.

Mkwe akamwomba aiache pete ining'inie. Gari likawaka, likatulia. Aibane tena. Likawaka, likazima. Aiache. Likawaka. Hapo mkwe alisimama, akalizunguka gari zima taratibu, akaenda kwenye ndoo akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Katibu alimtazama akakaza macho. Alikuwa amewaona watu wa aina nyingi wakiwa na habari mbaya ya kumpa mkubwa, na kila mmoja alikuwa na ndoo yake.

Mkwe alikuwa amekwisha kuelewa. Lililomshinda ni namna ya kumwambia mama mkwe wake, tena mama mkwe huyu, kwamba gari linaugua Azimio Namba Moja.

"Mama," alisema mwishowe, "daftari lako lipo?"

Lilikuwepo; kuuliza hivyo ilikuwa sawa na kumwuliza kama kichwa chake kipo. Mkwe akaomba, kwa adabu kubwa, amsomee siku gari lilipogoma kwa mara ya kwanza kabisa. Katibu akalamba kidole, akapekua. Ilikuwa tarehe sita ya mwezi uliopita, asubuhi, mara mbili. Mkwe akashukuru. Akauliza kama kuna jambo lolote limeandikwa siku moja kabla yake.

Katibu alirudisha ukurasa. Tarehe tano. Alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili chini: UFUNGUO WA BWANA KESHO UMERUDI MIKONONI MWA WAFANYAKAZI. UMETIWA PETENI LEO.

Hakusoma kwa sauti. Aliyasoma maneno yale mara mbili, kidole kikifuata ile mistari miwili.

Mkwe hakusubiri aseme. Alitoa pakiti ya majani ya chai juu ya meza yake, akachana karatasi la ndani lenye rangi ya fedha, akakifunika kichwa cha ule ufunguo wa kikaratasi cha njano kama mtu anayefunga kidonda. Akamwashiria Dereva. Dereva akaibana pete kwenye kiganja kwa nguvu zake zote, akawasha. Likawaka. Akazima, akawasha. Mara kumi na mbili, na kila mara injini ilibaki ikiimba. Mkwe akaliondoa karatasi. Likawaka, likazima, jicho likakonyeza. Akalirudisha. Likawaka.

"Naomba Mama ujaribu mwenyewe," alisema.

Katibu akaketi kwenye kiti cha dereva, akajaribu. Na karatasi, bila karatasi. Alikuwa amejifundisha mambo yote anayoyajua kwa kutomwamini mtu hadi ajaribu mwenyewe, na hili nalo lilikubali kujaribiwa. Alipotoka, mkwe alimweleza kwa sauti ya chini kwamba ndani ya kichwa cha kila ufunguo wa gari mna chipu, ndogo kama punje ya mchele. Ukiwasha, gari linauliza nani yupo, na ile punje inajibu. Funguo za geti na stoo hazina punje, ndiyo maana miaka yote hapakuwa na shida.

"Sasa zipo mbili karibu karibu, na zinajibu kwa wakati mmoja," alisema. "Wewe mwenyewe, Mama, mkutanoni wakisema wawili kwa pamoja, huwa huandiki."

Mfano ule ulimwingia barabara. Ni kweli alikuwa haandiki. Huweka kalamu chini na kusubiri. Kumbe gari nalo lilikuwa limeweka kalamu chini mwezi mzima, na watu walikuwa wakilitukana.

Hasira zake zilianza kutafuta mahali pa kukaa. Zilikwenda kwanza kwa Bwana Kesho: miaka tisa imepita, alisema, mtu yule hayupo hapa, na bado anatuzuia kwenda kazini kwa ufunguo uleule.

"Hakuutia peteni yeye," alisema Wifi, akitazama waya za ukutani.

Hasira zikarudi nyumbani. Katibu alijua kwamba kuna methali moja, fupi, inayohusu nguo na kinachouma, na kwamba hao wawili walikuwa nayo tayari kwenye ncha ya ulimi. Akawakazia macho mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu.

Mkwe akachukua msumeno wa chuma. Katibu akainua mkono kumzuia. Azimio, alisema, haliondolewi kwa msumeno. Linaondolewa kwa mkutano. Mkwe akautazama msumeno, akamtazama mama mkwe, akaurudisha ukutani. Wifi alipumua pumzi ndefu, lakini ndiye aliyewasha gari.

*

Mkutano uliitishwa saa tisa alasiri, ndani ya ukumbi, katikati ya karo za saruji na mvuke wa mashuka. Wote kumi na mmoja walikuwepo. Katibu aliweka pete juu ya meza ya kupigia pasi, akaeleza, bila kujipunguzia hata neno moja, kama alivyozoea kuwaeleza makosa ya wengine. Wanawake walisikiliza. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa, na kikohozi kikaambukiza benchi zima.

Kisha ukawaka mjadala. Aliyekuwa akishughulika na madoa ya damu alisema waache karatasi la fedha hapohapo, mradi linafanya kazi. Aliyekaa naye akauliza kama siku ya mwisho ya majaribio watategemea karatasi la majani ya chai. Mwingine aliuliza swali ambalo wote walikuwa wakiliogopa. Ukiutoa huu peteni, atakaa nao nani? Kila mtu alikumbuka ile saa saba mchana.

Bibi Pasi alikuwa hajaacha kupiga pasi. Alimaliza foronya, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine.

"Tuliogopa ufunguo tusiouona," alisema. "Huu tunauona. Tunauogopea nini tena?" Akachukua foronya nyingine. "Na kama hamtaki kuisema mtaisikia kwangu: kikulacho ki nguoni mwako. Haya, endeleeni."

Watu walicheka hadi mvuke ukasahaulika. Katibu alicheka pia, mwisho wa wote, na kwa shida, kama bomba la zamani linaloanza kutoa maji. Alipopata sauti alisema kwamba yeye hautaki ule ufunguo. Aliwahi kukaa na ufunguo kifuani na gari likaondoka, kwa hiyo kifua chake si kabati la kuaminiwa. Akapendekeza Azimio Namba Kumi na Tisa: ufunguo wa Bwana Kesho utundikwe msumari juu ya meza ya Bibi Pasi, mahali jozi kumi na mbili za macho zinapita kila saa, na ufunguo wa kuendeshea akae nao Dereva, siku zote, bila pete na bila kutia sahihi.

Mtu mmoja alisema kwamba wao ni kumi na mmoja, hiyo jozi ya kumi na mbili ni ya nani. Katibu akasema ni ya historia. Wakapiga kura. Mikono kumi ilikwenda juu.

Wa Dereva haukwenda. Alikuwa amekaa juu ya robota, mikono mapajani.

"Kuna kitu hakijaandikwa," alisema.

Katibu alielewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote kwamba lisiloandikwa halikutokea. Akafungua daftari. Aliandika kwa muda mrefu, akakata neno, akaandika jingine. Alipomaliza, Wifi akamwambia asome.

"Katibu," alisoma Katibu, "alimshutumu Dereva, ambaye ni wifi yake, kwamba anaihujumu kazi. Shutuma hiyo ilikuwa ya uongo, na Katibu ndiye aliyekuwa akilihujumu gari, kwa herufi kubwa na mistari miwili. Katibu anaomba radhi mbele ya wanachama."

"Soma tena," alisema Wifi.

Akasoma tena. Mkono wa kumi na moja ukapanda. Msumeno ulipoletwa kutoka kwa fundi wa mageti, pete ilikatwa na Bibi Pasi mwenyewe, ambaye alisema alitaka kuona kama bado ana mkono, na alikuwa nao.

*

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, marobota kumi na manne yalikuwa garini. Wifi alitoa ufunguo mfukoni mwake, ufunguo mmoja, mwepesi hivi kwamba aliutazama kidogo kabla ya kuuingiza. Kisha kwa makusudi akaukumbatia kwa kiganja chote, juu, karibu kabisa na tundu lake, akawasha.

Katibu alihesabu pumzi. Mbili. Tatu. Kumi. Taa nyekundu iliwaka mara moja, ikazima, ikakaa kimya. Njiwa hawakuruka. Kutoka ndani ya ukumbi Bibi Pasi aliuliza kama wanangoja kadi ya mwaliko.

Walifika hospitali saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Dirisha la stoo lilikuwa limefungwa. Wakashusha marobota, wakayapanga, wakakaa juu yake. Saa moja ikafika, ikapita. Saa moja na dakika nne mtunza stoo alitokea kwenye kona, shati halijaingia vizuri, mkate mkononi. Katibu alikuwa amekwisha kufungua daftari. Aliazima kalamu nyekundu ya mtunza stoo mwenyewe, iliyokuwa imechomekwa mfukoni mwake, akaandika dakika zote nne, akamrudishia.

"Zimebaki mbili," alimwambia.

Mtunza stoo alitafuna polepole, akamtazama, kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye hajatumia kitu hicho kwa muda. Siku zile zote zilizobaki za majaribio dirisha lilifunguliwa mapema, na marobota yalikuwa yamelitangulia.

Mkataba ulitiwa sahihi kwenye dirisha lilelile. Ulikuwa na kurasa nne. Katibu alizisoma zote akiwa amesimama, kwa kidole, pamoja na yale maandishi madogo ya chini, huku watu watano wakisubiri nyuma yake, na magari mawili meupe yakingoja nafasi ya kuegesha. Wifi alikuwa kwenye kiti cha dereva, injini ikinguruma; mwezi wa mateso ulimwachia mazoea ya kutozima. Akakumbuka. Akazima. Akawasha. Kisha akazima tena, akawasha tena, mara ya tatu, ya nne, bila sababu yoyote, na yule dereva wa gari jeupe akateremsha kioo chake kumwuliza kama ana tatizo.

Wifi alimjibu kwamba hana, na kwamba mkutano wao unakaa Ijumaa saa tisa.